Mkanda wa Maha

Ngamiani, Tanga
26 Mei 2024

Kwako mdogo wangu Amur,

Salaam zetu zikukute mzima. Mama anaendelea, ila goti limevimba tena kwa ubaridi huu wa masika. Anakwenda uani kwa kushika ukuta na hataki kushikwa na mtu. Paa linavuja palepale ulipoziba mwaka jana. Anasema ukija umletee ndimu za shambani kwako, za sokoni hazina maji.

Ijumaa tumesoma hitima ya arobaini ya Maha. Baraza ilijaa, mikeka ikafika mlangoni kwa jirani. Kila aliyeingia aliuliza baba wa mtoto yuko wapi, nami nikajibu kuwa barabara ya Maramba imekatika kwa mvua. Nimesema uongo na juzuu iko mkononi. Hilo sijakusamehe.

Simu yako imezimwa tangu tulipoondoa matanga, ndiyo maana naandika kwa karatasi. Barua anakuletea Rama, dereva wa lori linalobeba machungwa yako. Nimemwambia asimpe mtu mwingine.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita nilikwenda mahakamani. Sikwenda kuandika makala ya gazeti. Nilikwenda kwa sababu kesi ni ya mwanetu na hakuna hata mmoja wetu aliyejisumbua kuisikiliza. Yule mwendesha bembea wa bustani ya michezo anaitwa Ernesti. Ni mtu mzima, kichwa kimeanza mvi, kwao Muheza. Ameshitakiwa kusababisha kifo kwa uzembe. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo uliyoyatoa polisi, kwamba mtumishi wa bustani hakumfunga mtoto mkanda, bembea ikawashwa, mtoto akaanguka. Ernesti akanyoosha mkono kizimbani kama yuko darasani. Akasema, "Mheshimiwa, mzee mwenyewe alinikataza nisimguse. Alimfunga yeye." Hakimu akamwambia anyamaze, zamu yake itafika. Akarudishwa mahabusu. Dhamana ipo, lakini hana wa kumdhamini mwenye hati ya nyumba.

Mimi sikuwapo bustanini siku ile. Wewe ulikuwapo. Nina swali moja tu, na sitaki hotuba. Nani alimfunga Maha mkanda?

Nisalimie wifi Mastura na mwanetu Hafsa.

Dada yako,
Shamsiya


Maramba
9 Juni 2024

Dada Shamsiya,

Shikamoo. Mpigie Mama magoti kwa niaba yangu, na ndimu zake ziko ndani ya kikapu alichokuja nacho Rama. Hafsa amerudi shule. Mastura yupo. Mvua haijakata, na daraja la juu limebaki nusu, kwa hiyo uongo wako haukuwa uongo mtupu. Kuhusu arobaini unajua msimamo wangu. Dua ya mzazi haina siku.

Umeniuliza habari za siku ile. Nitakueleza tangu mwanzo, maana hukuwapo tangu mwanzo.

Ziyad, mtoto wa ami, alikuja kutoka Maskati kula Idd nasi. Jioni ya mfungo wa mwisho akatuonyesha picha zao za kambi. Kwao mvua ikinyesha watu hufunga maduka, hupakia watoto na mahema, wakaenda mabondeni kuilaki. Akasema, "Nyie mna mvua ya bure, na mnajifungia ndani mkikunja uso." Maha akamng'ang'ania ami yake huyo wa picha mpaka akakubali kuyatoa mahema aliyomletea rafiki yake wa Dar. Idd pili tukaenda Moa, kwenye kile kipande cha minazi alichotuachia Babu.

Dada, mvua ilinyesha. Mahema yale yameshonwa kwa ajili ya umande. Maji yalipita chini, yakapita juu, yakaingia kwenye mishono. Ziyad alikaa ndani ya gari akisema hali ya hewa itabadilika. Maha akachukua kifuu akaanza kuchimba mfereji kulizunguka hema letu, matope mpaka magotini, akimfokea, "Ami Ziyad, toka ushike jembe, hapa si Maskati." Mastura akapika wali chini ya turubai, ukaiva nusu, moshi ukatutoa machozi sote, tukaula. Sijapata kula wali mbaya kama ule, wala sijapata kumwona mtoto akicheka vile.

Nguo zote zililowa. Asubuhi ya kuondoka hakukuwa na kikavu ila baibui moja la Mastura lililokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Maha akalivaa. Lilimpwaya na kuburuta, akatembea nalo ufukweni kwa maringo, Hafsa nyuma amemshikia pindo kama kwenye harusi. Alikuwa na miaka kumi na mbili na alijua kuringa kama bibi wa miaka hamsini.

Ziyad aliona haya kwa kambi ile. Akasema atawalipa watoto kwa siku moja ya bustani ya michezo, mjini. Tukafika mchana, mvua imepumzika. Muziki ulikuwa unapiga hadi nje. Maha akasema, "Baba, mimi nataka ile ya minyororo, inayozunguka juu." Nikasema sawa.

Yaliyobaki unayajua.

Ndugu yako,
Amur


Ngamiani, Tanga
23 Juni 2024

Mdogo wangu Amur,

Tumemaliza Idd ya kuchinja salama. Mama amekula nyama kinyume cha amri ya daktari, na ameniambia daktari huyo ni mtoto wa juzi. Ndimu zimefika. Amezinusa moja moja.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimelia kwa kile kifuu. Kisha nikakasirika, kwa sababu umenijazia kurasa, ukafika getini, ukasimama. Yaliyobaki siyajui. Ndiyo niliyokuuliza.

Ziyad sina ugomvi naye mkubwa. Mtu ambaye mvua kwake ni mgeni ana haki ya kuipokea kwa hema. Wewe umezaliwa Tanga. Unajua masika ni nini, unajua Moa inavyokuwa mwezi wa nne. Lakini mtu akija hapa na lafudhi ya Maskati, nyinyi wanaume wa ukoo huu mnasahau hata mawingu ya kwenu. Babu yetu alikuja hapa, akaoa hapa, akazikwa hapa, na wajukuu wake bado wanaishi kama abiria waliokosa merikebu ya kurudi. Hilo nimeliandika gazetini kabla ya leo na nitaliandika tena.

Nitakwambia kwa nini nimemwamini Ernesti hata kabla hujanijibu. Unakumbuka nilipoanguka kwenye ngazi ya darini, mwaka niliovunja ungo. Mzee wa kuunga mifupa aliletwa kutoka Pongwe, akafika mlangoni na mafuta yake. Baba akamwambia hakuna mwanamume atakayemshika mkono binti yake. Nilifungwa na Mama, kwa vijiti na kipande cha khanga, maskini hajui hata aanzie wapi. Mkono wangu wa kushoto haunyooki mpaka leo. Nguo naanika kwa mkono mmoja. Na nyumba nzima iliuita ule uamuzi heshima.

Wewe ulikuwa umekaa kizingitini, ukimsikiliza Baba, ukitikisa kichwa kama yeye. Kwa hiyo ninapoambiwa kuna mtu alimzuia mwendesha bembea asimguse mtoto, sauti ile naijua. Imo ndani ya mifupa yangu.

Nauliza tena. Nani alimfunga Maha mkanda?

Shamsiya


Maramba
14 Julai 2024

Dada Shamsiya,

Shikamoo. Mpe Mama salaam. Machungwa yameiva yote kwa mpigo na bei imeanguka. Lori la Rama lilizama matopeni siku mbili, mzigo mwingine ukaoza humohumo.

Mastura ameondoka hapa akisema anakuja kumwangalia Mama. Hafsa amebaki nami kwa ajili ya shule. Amejifunza kupika uji, nami najifunza kuunywa. Mwambie mwenzangu kukaa kwake kumetosha, arudi.

Kuhusu swali lako. Kila nafsi ina ajali yake, na ya mwanangu iliandikwa kabla hajazaliwa. Hiyo ni qadari. Anayechimba zaidi ya hapo anabishana na Aliyeandika.

Amur


Ngamiani, Tanga
21 Julai 2024

Amur,

Mama hajambo na Mastura yupo kwetu, salama kwa mwili. Hafsa mbusu kwenye paji la uso.

Qadari naiamini kama unavyoiamini. Lakini qadari yako ina mlango mmoja tu, nao una upana wako wewe. Ikiwa Mungu ndiye aliyeandika na hakuna wa kuulizwa, mbona ulikwenda polisi ukamtaja Ernesti? Mbona hukumwambia yule askari wa zamu, "Andika qadari," ukarudi nyumbani? Huwezi kumwachia Mungu fungu lako na kumwachia Mbondei wa Muheza fungu la jela.

Sasa soma kwa utulivu. Alhamisi tulikuwa jikoni sisi watatu. Mastura alikuwa anakanda unga wa chapati. Mama akamwambia, "Mastura, mwanangu, huo unga umekukosea nini? Utalitoboa sinia." Mastura akaendelea kukanda. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Alimfunga babake."

Mama akadhani anasema habari ya mbuzi. Akauliza, "Kamfunga nani?"

"Maha. Yule mtumishi aliinama amfunge, Amur akamweka kiganja kifuani akamsogeza. Akainama yeye."

Alikuwa nje ya uzio, amemshika Hafsa mkono. Muziki ulikuwa juu, hakusikia neno. Aliona migongo tu, wa Ernesti ukirudi nyuma na wako ukiinama. Hajakwambia kwamba aliona. Anasema alikuwa anangoja umwambie wewe, akangoja mpaka nyumba ikamshinda.

Anataka kwenda kwa mwendesha mashtaka. Nimemzuia, kwa sasa. Mke kusimama mbele ya watu na kumkanusha mumewe ni jambo ambalo mji huu hautamsamehe haraka, na sitaki alibebe yeye wakati mwenyewe upo. Nenda polisi, Amur. Sema, "Nilikosea, nilimfunga mimi." Ni maneno machache. Mtu atatoka.

Shamsiya


Ngamiani, Tanga
1 Septemba 2024

Amur,

Hukujibu. Rama anaapa barua alikupa mkononi, ukaiweka mfukoni bila kuifungua. Basi nakuandikia nyingine, ujaze mfuko.

Mama ana nguvu. Mastura anatoka kidogo, anafundisha wasichana wa jirani kushona. Tumepata mgeni.

Jumatatu alasiri mwanamke mmoja alipiga hodi, mtu wa makamo ya Mama, amevaa kitenge, ana fenesi ndani ya gunia amelibeba mwenyewe kutoka stendi. Akasema, "Nimekuja kuwapa pole ya mtoto. Nimechelewa, nyumba sikuijua." Mama akamwambia karibu, lakini wewe ni nani.

"Naitwa Ruthi. Ni mama yake Ernesti."

Mastura akaacha cherehani. Mimi, ambaye nimebishana na madiwani hadharani, nikaanza kukunja vitambaa vya Mastura. Mama ndiye aliyesema. "Shamsiya, lete kiti. Usilete mkeka, huyu ana magoti kama yangu."

Wakazungumza magoti. Ruthi anapaka mafuta ya nyonyo, Mama akasema hayo yananuka, Ruthi akasema kunuka ndiyo dawa yenyewe. Mama akacheka. Fenesi likapasuliwa. Hakuomba chochote. Alipokuwa anaondoka nikamuuliza Ernesti ana hali gani. Akasema anakohoa na amekonda, mkewe amerudi kwao Handeni, na nyumba aliyokuwa amepanga imeshapewa mtu mwingine. Halafu akaniuliza mimi, "Na huyo baba wa mtoto, maskini, anakula?"

Nimekupa neno lake kama alivyolisema. Sikuongeza chumvi, halihitaji.

Kesi itasikilizwa mwishoni mwa Oktoba. Umeitwa shahidi. Ukija ukasema kweli, Mastura hatapanda kizimbani. Usipokuja, atapanda. Nilimzuia mara moja. Tangu aondoke yule mama sina tena mdomo wa kumzuia.

Sikudai uniheshimu. Namdai kaka yangu mdogo awe mtu mzima. Baba alikufa na heshima yake, na mkono wangu ukabaki hivi. Wewe utakufa na yako, na mtu atabaki ndani. Hicho ni kiburi cha jina, Amur, na jina lenyewe halimpi mtu hata kikombe cha maji huko ndani.

Shamsiya


Maramba
22 Septemba 2024

Dada Shamsiya,

Shikamoo. Mama mwambie Hafsa amekuwa wa tatu darasani. Mwambie pia nasali, maana najua anauliza.

Barua zako mbili nimezisoma siku moja, nimekaa chini ya lori la Rama akibadilisha gurudumu. Nitakujibu mara hii, kisha sitajibu tena juu ya jambo hili.

Wewe tangu utoto hujapata kuuliza swali ambalo hujaliandikia jibu. Umeshaamua kwamba Amur ni Baba amefufuka, ana kiburi, analinda jina. Umenipangia na maneno ya kusema polisi. Umefanya kazi yote, umebakiza niweke sahihi. Kaa na jibu lako. Ni zuri, lina mantiki, litapendeza gazetini.

Nimesoma kila makala uliyoandika. Za maji ya Mabawa, za baruti baharini, za walimu. Nimebishana na watu hapa dukani kwa ajili yako na nimejivunia. Lakini Maha si makala. Ukimwandika mwanangu, hata kwa jina la kubuni, hata kwa nia njema, usinijue tena.

Simu nimeizima kwa sababu sauti yake imo. Alikuwa na tabia ya kunitumia sauti kutoka chumba cha pili, "Baba, chai iko tayari, unasubiri posa?" Ziko nyingi. Sitaki kuzisikiliza na siwezi kuzifuta. Sasa unajua kwa nini unaandika kwa karatasi.

Yule mtu yupo ndani, najua. Haupiti usiku bila mimi kujua. Usinifundishe hilo.

Lakini liko jambo ambalo nikilitamka mbele ya karani halitakuwa langu tena, na ndilo pekee nililobaki nalo. Usiniulize ni lipi.

Mastura akitaka kwenda mahakamani, aende. Sitampa talaka kwa hilo, wala sitamzuia. Mimi siji.

Amur


Ngamiani, Tanga
3 Novemba 2024

Ndugu yangu Amur,

Mama ameshinda leo akikuombea, na mara hii hakuniagiza kitu. Mvua za vuli zimeanza, paa linavuja. Nakuandikia polepole, na ukiona mwandiko umeharibika ujue ni huku kuwaza.

Hukuja. Jina lako liliitwa mara tatu kwenye korido. Mastura akasimama.

Alivaa nguo yake ya kazi, hakuazima ya mtu. Aliyasema yale aliyotuambia jikoni, wala hakuongeza. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama ana ugomvi na mumewe. Akajibu, "Sina. Ningekuwa nao ningesema mengi zaidi." Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya.

Halafu akapanda Ernesti. Amur, nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa na makala kamili kichwani, aya kwa aya, juu ya wanaume wa pwani na mikono ya binti zao. Ernesti akaeleza ulivyomsogeza. Akasema hukumtukana, ulisema tu, "Huyu nitamfunga mwenyewe." Akasema ulimfunga, ukavuta, ukakaza.

Hakimu akauliza, "Sasa mtoto alitokaje?"

Ernesti akatazama tulipokaa, akamtazama Mastura, kama anayeomba ruhusa. Akasema, "Mtoto alisema, 'Baba, inanibana tumboni.' Babake akaufungua, akaufunga tena kwenye tundu la mbele."

Hakimu akauliza kwa nini hakusema habari hiyo polisi. Akajibu kwamba aliisema, askari akamwambia hiyo si habari. Akaulizwa, "Wewe uliona mkanda umelegea?"

"Niliona. Nikamwambia mzee, hiyo imelegea. Akaniambia, 'Mtoto wangu hapumui vizuri.' Na lile baibui lilikuwa linateleza."

"Na bado ukawasha mashine?"

"Nikawasha. Foleni ilikuwa ndefu, mvua ilikuwa inarudi, na yule alikuwa babake." Kisha akasema jambo ambalo hakuulizwa. "Nami nina watoto. Wangu angesema inabana, ningelegeza."

Karani aliandika yote.

Nimekuandikia barua nne juu ya kiburi. Kile kiganja kifuani mwa mtu aliyejua kazi yake, sikifuti. Wala sifuti yale maelezo ya polisi, wala miezi hii yote aliyokaa mahabusu. Hayo ni yako na utayajibu. Lakini kuhusu lililomuua mtoto nilikuwa na jibu langu tayari, ulisema kweli, na lilikuwa jibu la kitu kingine. Makala siandiki.

Mastura hakulia. Alitoka akakaa kwenye ngazi za nje, manyunyu yanampiga, hakutaka mwavuli. Nikakaa naye. Kisha akaniuliza, "Lile baibui langu lina pindo nene kiunoni, nililishona mwenyewe. Ndilo lililombana?" Ananiuliza kila siku, kwa maneno yaleyale.

Mwendesha mashtaka ameondoa shitaka Ijumaa. Ernesti ametoka. Ruthi alimpokea na koti zito, akamvalisha palepale mlangoni kama mtoto wa chekechea, naye akakubali. Hana kazi na hana nyumba. Hakuna aliyemwomba radhi, nami nilipotaka kumwomba aliniambia, "Basi, mama, basi," akaondoka. Kikohozi chake nilikisikia mpaka kwenye kona.

Polisi watakuja kwako kuhusu maelezo yako ya mwanzo. Wameniambia, kwa ustaarabu, kwa hiyo nakwambia nawe. Usikimbilie kwa Ziyad.

Dada yako,
Shamsiya


Maramba
17 Novemba 2024

Dada Shamsiya,

Shikamoo, na Mama shikamoo yake.

Askari wawili wamefika asubuhi. Wako barazani, nimewapa kahawa na machungwa, wamesema nimalize ninachoandika, hawana haraka. Barua hii nitampa Rama. Hafsa nitamtuma kwenu ndani ya lori hilohilo. Usimfiche nilikokwenda. Amekuwa mkubwa kwa nguvu na ataona tu kwamba mnamficha.

Kumbe Ernesti alisikia. Miezi yote nilidhani nilisikia peke yangu.

Ndiyo maneno ya mwisho ya Maha kwangu, dada. Hakuna mengine baada yake. Nilijua nikiyasema yataandikwa, yatasomwa kwa sauti na mtu asiyemjua, kila atakayeniona ataniangalia mikono. Nikaona heri mniite mwenye kiburi. Mwenye kiburi mnamfahamu, mna maneno yake tayari. Kwa ajili ya hilo nikamwacha mtu ndani, na mama yake akabeba fenesi mpaka kwenu. Hilo silitetei. Nitawaambia hawa wawili kama lilivyo, na watakachoamua wataamua.

Ningependa Mastura angelisikia kwangu. Nilikaa naye chumba kimoja, kitanda kimoja, hadi mwezi wa saba, na kila siku nilifungua mdomo nikasema habari za mvua.

Mwambie baibui halikuwa na kosa. Lilikuwa pana, lilimpwaya, mwenyewe alilichekea. Kilichombana ni mkanda, kwa sababu niliukaza sana, niliogopa ile minyororo. Yeye hakuogopa. Alikuwa anatazama juu, ana matope bado kwenye kisigino, akaniambia inanibana, nikaona uso wake umekunjika, nikalegeza.

Askari mmoja amesimama mlangoni, anatazama saa.

Mwambie Mastura, kabla hujamwambia jingine lolote, kwamba mara ya kwanza nilimfunga sawasawa.

Amur